Nambari mbili, majina matano: kisa cha mtafiti wa omena aliyegawanyika mtandaoni

Barua ya ofisi ya utumishi ilimpa siku 14. Mhadhiri mwandamizi wa sayansi ya lishe katika chuo kimoja cha umma magharibi mwa Kenya, ambaye kazi yake kubwa ni ukaushaji na uhifadhi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, alikuwa ameomba cheo cha Profesa Mshiriki. Kwenye wasifu wake aliorodhesha kazi 23. Kamati ilipokwenda kuzitafuta ilirudi na hesabu tatu zisizokutana. Scopus, hifadhidata ya makala za majarida, ilisema makala 6, Google Scholar ikasema 41, na nambari ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni, aliyoijaza kwenye fomu ilifungua ukurasa usio na kitu ila jina. Aeleze kwa maandishi kabla ya kikao.

Tumwite Dkt. Achieng'. Jina ni la kupanga, na kisa kimeshonwa kwa kasoro ambazo wakutubi wa vyuo huzikuta kila msimu wa kupandishana vyeo. Mifumo inayotajwa ni ya kweli na hatua zake zinaweza kufuatwa kama zilivyo.

Jina moja, maumbo matano

Kwa Wajaluo mtoto hupewa jina kwa saa aliyozaliwa: Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua la utosini, Atieno na Otieno wa usiku. Kwa Wabukusu, Nafula na Wafula ni wa msimu wa mvua. Haya ni majina yenye habari ndani yake, na ndiyo maana yanajirudia mno. Darasa lolote la Kisumu lina akina Otieno kadhaa, na wakifika chuo kikuu wote wataandika makala. Isitoshe, jina la mwisho la Mkenya linaweza kuwa la baba, la babu au la mume, ilhali fomu za majarida ya nje hudai jina moja la ukoo na hazitaki maelezo.

Makala ya kwanza ya Dkt. Achieng', ya 2011, ilitoka kwa jina R. A. Otieno, Otieno akiwa baba yake. Mwaka 2014 mwandishi mwenzake aliye Ulaya alijaza fomu kwa niaba ya wote, akachukua Achieng' kuwa ukoo na mfumo ukadondosha ritifaa, ikawa R. Achieng. Aliolewa Bungoma; kuanzia 2016 akawa R. A. Wafula. Mwaka 2019 akajaribu kuunganisha, R. Otieno-Wafula. Sura moja ya kitabu ina Achieng’ R., na ritifaa ipo, lakini siyo ile ile.

Hapo panataka kutazamwa kwa karibu. Ritifaa ya Achieng' si pambo. Ng' ni sauti moja, ile ya ng'ombe. Ukiipiga kwenye kibodi hutoka alama iliyonyooka, U+0027 kwa hesabu ya Unicode. Programu ya kuandikia, ikidhani unafunga maneno ya mtu, huigeuza iliyopinda, U+2019. Kwa jicho ni mamoja. Kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, Achieng' na Achieng’ ni watu wawili, na Achieng bila alama ni wa tatu. Wenye Ong'ondo, Nyang'au na Ng'eno wanalijua tatizo hili kuanzia kwenye tiketi za ndege.

Scopus haimuulizi mtu. Programu yake hukusanya makala na kukisia ni za mwandishi yupi kwa kutazama jina, taasisi, waandishi wenza na somo, kisha hutoa kitambulisho chake yenyewe. Makala za Otieno ikaziweka kwenye wasifu mmoja, za Wafula kwenye mwingine, na zile za Achieng kwenye wa tatu. Dkt. Achieng' alikuwa amehama chuo mwaka 2018, na hilo liliizidishia kazi. Hata asiyehama hayuko salama, kwa kuwa vyuo vyetu navyo hubadili majina. Chuo kishiriki cha Maseno kilichokuwa Bondo kilipata hati yake mwaka 2013 na kuwa Jaramogi Oginga Odinga University of Science and Technology, na makala za kabla na baada ya hapo zina majina mawili ya mahali pamoja. Na mtu akiandika MUST bila maelezo, je, ni Meru au ni Mbarara ya Uganda? Wa Kakamega, Masinde Muliro, wana M mbili, MMUST, na mara nyingi mchapaji huwapunguzia moja.

Hesabu kabla ya kugusa chochote

Wengi wakipata barua kama ile hukimbilia ORCID na kuanza kujaza usiku kucha. Matokeo huwa rundo la pili juu ya la kwanza. Kazi ya siku mbili za mwanzo haihitaji akaunti yoyote: ni jedwali lenye mstari kwa kila kazi, na nguzo za mwaka, kichwa, jina lilivyochapishwa herufi kwa herufi, nafasi ya mwandishi, nani alikuwa mwandishi wa mawasiliano, yaani anayeandikiana na jarida, na DOI, nambari ya kudumu ya kila kazi mtandaoni.

Kazi 23 zilikuwa makala 16 za majarida, sura 4 za vitabu, karatasi 2 za kongamano na seti 1 ya data. Makala 12 na sura 2 zilikuwa na DOI iliyochapishwa. Vichwa vya makala 4 zilizobaki vilibandikwa kwenye ukurasa wa utafutaji wa Crossref, shirika linalosajili DOI za wachapishaji, search.crossref.org, na 3 zikapatikana zikiwa na DOI ambayo mwandishi mwenyewe hakuijua. Jumla 17.

Kisha kila DOI ikajaribiwa kwa kubandikwa baada ya https://doi.org/. Kuna namna mbili za kushindwa, na tiba zake hazifanani. Ya kwanza: tovuti ya doi.org yenyewe inasema DOI haipatikani. Maana yake jarida liliichapa kwenye PDF lakini halikuisajili, au lilikosea tarakimu. Ya pili: doi.org inakupeleka kwenye tovuti ya jarida, ila ukurasa haupo. Hapo DOI ni nzima; jarida limehamisha tovuti na halikumwambia msajili anwani mpya. Ya pili hutibiwa na mhariri kwa dakika chache. Ya kwanza inamhitaji mhariri ambaye jarida lake bado lina uanachama hai kwa msajili, na hao si wote. Kati ya 17, moja ilikuwa ya aina ya kwanza, kwenye jarida dogo la hapa nyumbani. Zikabaki 16 zinazofunguka: makala 14 na sura 2.

Nambari ipi ibaki

Jedwali lilipokamilika ndipo ikajulikana kwamba Dkt. Achieng' ana nambari mbili za ORCID. Ya kwanza aliifungua mwaka 2013. Ya pili ilizaliwa mwaka 2020, usiku wa kuwasilisha mswada, pale mfumo wa jarida ulipokataa kusonga mbele bila ORCID.

"Daktari, ile ya kwanza uliifungua kwa barua pepe gani?" mkutubi aliuliza.

"Ya chuo cha zamani. Waliifunga nilipohama."

Hicho ndicho chanzo cha nambari pacha karibu kila mara. ORCID hairuhusu barua pepe moja kwenye akaunti mbili, lakini mtu anayekuja na anwani mpya haina namna ya hakika ya kumtambua. Dawa yake ni kuweka anwani mbili kwenye akaunti tangu siku ya kwanza, mojawapo ikiwa ya binafsi isiyokufa na ajira.

Nambari ya zamani ilikuwa na kazi 9, mpya ilionekana tupu, na kishawishi kilikuwa kubaki na iliyojaa. Kilichojaa hakina uzito hapa, kwa kuwa kinaweza kujazwa tena kwa nusu saa. Kinachotazamwa ni nambari ipi imeshasafiri ndani ya metadata za makala zilizochapishwa, yaani maelezo ambayo wachapishaji hutuma Crossref pamoja na DOI. Hilo huulizwa kwa kivinjari cha kawaida, hata cha simu, kwa kuandika api.crossref.org/works?filter=orcid: na kumalizia na nambari yenyewe pamoja na vistari vyake. Ukurasa unaorudi ni msitu wa mabano, lakini juu kabisa pana neno total-results na idadi. Nambari ya zamani ilileta 1. Mpya ikaleta 5. Mpya ikabaki.

Kwa nini basi ukurasa wake ulikuwa mtupu? Kwa sababu mbili zilizorundikana. Kila makala ilipochapishwa, Crossref iliomba ruhusa ya kuiingiza kwenye akaunti, na ombi likakaa kwenye kikasha cha ujumbe ndani ya ORCID, ambacho hakuwahi kukifungua. Ruhusa hiyo hutolewa mara moja tu, na baada ya hapo makala huingia zenyewe. Pili, wakati wa kujisajili alichagua kila kitu kionekane na yeye pekee. ORCID ina ngazi tatu za mwonekano: kila mtu, wanaoaminiwa, na mimi pekee. Kitu kipya huingia kwa ngazi iliyowekwa kuwa ya kawaida kwenye akaunti. Angetoa ruhusa kabla ya kubadilisha ngazi hiyo, makala zote zingeingia zikiwa zimefichwa, na kamati ingeendelea kuona ukurasa mtupu. Kwa hiyo kwanza ngazi ya kawaida ikafanywa kila mtu, kisha maombi yakakubaliwa.

Kuifunga nambari ya zamani hufanyika ndani ya akaunti inayobaki, kwenye mipangilio, sehemu ya kuondoa rekodi iliyojirudia. Unaombwa barua pepe au nambari ya ile inayoondolewa, pamoja na nywila yake. Barua pepe ilikuwa imekufa, lakini tarakimu 16 zenyewe zinakubaliwa mahali pake, na nywila ilikuwa imehifadhiwa kwenye kivinjari cha kompyuta ya zamani ya maabara. Isingepatikana, zingebaki njia mbili: kuomba kitengo cha kompyuta cha chuo cha zamani kifungue anwani ile kwa siku moja ili nywila ibadilishwe, au kuwaandikia wasaidizi wa ORCID.

Tahadhari mbili kabla ya kubonyeza. Kitendo hakirudishwi nyuma, na kinachohamia kwenye akaunti inayobaki ni barua pepe tu. Kazi, ajira na ruhusa zilizopewa mashirika hazihami. Kazi 9 za zamani zilikuwa zimeshaandikwa kwenye jedwali, basi hakuna kilichopotea. Kiungo cha zamani sasa humpeleka msomaji kwenye kipya, kwa hiyo ile makala moja yenye nambari ya zamani haikuhitaji kusahihishwa.

Maumbo yote matano ya jina yaliingizwa kwenye sehemu ya majina mengine, likiwemo lile lisilo na ritifaa. Jina la kuchapishia likawekwa moja, R. Achieng' Wafula, kwa makala zijazo.

Kupakia, na mtego wa BibTeX

Zile kazi 9 za zamani zilikuwa zimeingizwa kwa faili ya BibTeX, muundo wa kuhifadhia orodha za marejeo, kutoka Google Scholar, na lau zingerudishwa hivyo tena, kasoro ingerudi nazo. Faili hiyo hutoka bila DOI. ORCID hukusanya nakala mbili za kazi moja zikiwa na kitambulisho kinachofanana. Nakala isiyo na kitambulisho haina cha kushikana nacho, hivyo makala ile ile husimama mara mbili kwenye orodha. Mwanakamati anayehesabu kwa kidole huona udanganyifu pasipo na udanganyifu.

Utaratibu uliofuatwa ni huu. Ruhusa ya Crossref ilileta kazi 5. Kumi na moja zilizobaki zenye DOI ziliongezwa kwa kubandika DOI moja moja au kwa kiunganishi cha kutafuta cha Crossref kilichomo ndani ya ORCID. Mwisho kabisa, kwa mkono, zikaja zile zisizo na kitambulisho. Kila mstari wa ORCID huonyesha chanzo chake, na mstari ulioletwa na Crossref una uzito tofauti na ule ambao mwenye akaunti ameuandika mwenyewe.

Sura mbili zisizo na DOI zilikuwa za kitabu kimoja, kwa hiyo zina ISBN moja, nambari ya kitabu kizima. Fomu huuliza uhusiano wa kitambulisho na kazi: ni chake yenyewe, au ni cha kitu ambacho kazi hii ni sehemu yake. Likibaki chaguo la kwanza, ORCID itaamini sura zote mbili ni kitu kimoja na kuzifunika pamoja, na sura moja itatoweka machoni. ISBN kwa sura, kama ISSN, nambari ya jarida, kwa makala, ni ya uhusiano wa sehemu. Hapa ndipo walimu wa vitivo vya sanaa, wenye sura nyingi, huumia zaidi.

Kwenye ajira, jina la chuo lilichaguliwa kutoka kwenye orodha inayojitokeza, halikuandikwa hadi mwisho kwa mkono. Chaguo la orodha hubeba kitambulisho cha taasisi nyuma yake. Vitambulisho hivyo hutunzwa kwenye sajili ya ROR iliyofunguliwa mwaka 2019, ni bure, na ndani yake majina ya zamani na vifupisho vya taasisi huwekwa chini ya kitambulisho kimoja. Ukiandika kwa mkono unapata maneno matupu.

Makala kumi zisizo na nambari

Hadi hapa ukurasa ulikuwa umejaa na siku 6 zimetumika. Wengi huishia hapo. Lakini kati ya kazi 16 zenye DOI inayofunguka, metadata za 6 tu ndizo zilizokuwa na ORCID ya Dkt. Achieng', ile 1 ya zamani na 5 za mpya. Nyingine 10 zilikuwa kwenye ukurasa wake kwa sababu yeye alizileta. Mfumo mwingine wowote unaosoma Crossref, bila kupita kwenye ukurasa wake, bado ungemwona Otieno mmoja, Wafula mwingine na Achieng wa tatu. ORCID ambayo haimo kwenye metadata ni kama nambari ya simu ambayo hujampa mtu: yako kweli, lakini hakuna atakayepiga.

Kumi hizo ziligawanyika hivi. Mbili zilichapishwa kabla ya Oktoba 2012, mwezi ambao ORCID ilifunguliwa kwa watumiaji. Katika tano alikuwa mwandishi mwenza. Jarida lilimbana mwandishi wa mawasiliano pekee, na wenza wakatumiwa barua pepe yenye kiungo cha kuthibitisha nambari zao. Barua hizo hutoka kwenye anwani ya mfumo, hufanana na matangazo, na hufa kwenye kikasha cha takataka.

Tatu za mwisho ndizo za kusikitisha. Nambari imo kwenye PDF, chini ya jina lake, tena kwa alama ya kijani. Aliibandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa mswada. Mpangaji wa kurasa aliinakili kama alivyonakili anwani ya posta, lakini kwenye faili iliyokwenda Crossref haikuingizwa. Macho ya msomaji yanaiona, mashine haina habari nayo.

Barua kwa wahariri ilikuwa fupi, moja kwa kila jarida, yenye mambo manne: DOI ya makala, jina lilivyochapishwa na nafasi yake kwenye orodha ya waandishi, ORCID kwa umbo la kiungo kamili, na ombi lenyewe: "Naomba mnitumie kiungo cha kuthibitisha ORCID yangu, kisha muiingize kwenye metadata za makala hii na kuzituma upya Crossref. Sihitaji PDF ibadilishwe." Sentensi ya mwisho ni muhimu. Mhariri akisikia kusahihisha, hufikiria tangazo la masahihisho, mchapaji na gharama. Kutuma upya metadata hakuna malipo kwa Crossref na makala haiguswi. Majarida mengi ya Kenya huendeshwa kwa OJS, programu ya bure ya kuendeshea majarida, na OJS ina nyenzo ya ORCID inayomtumia mwandishi kiungo hicho kwa kubonyeza.

Kwa nini kuthibitisha, wakati nambari imo kwenye barua? Kwa sababu mhariri mwenye haraka hufungua orcid.org, hutafuta R. Otieno, na kuchukua wa kwanza anayefanana. Makala ya omena huingia kwa mtu mwingine kabisa, na kuitoa ni safari. Nambari iliyopitia kwenye kiungo imetolewa na mwenyewe akiwa ameingia kwenye akaunti yake, na Crossref huitia alama ya kuthibitishwa. Kwenye ule msitu wa mabano inaonekana kama authenticated-orcid ikifuatwa na true. Iliyochapwa kwa mkono hubaki false.

Majarida matano yalijibu ndani ya muda, na makala 6 zikapata nambari. Moja lilijibu kwamba halibadilishi lolote baada ya kuchapisha. Mengine kimya.

Scopus na Google Scholar

Hizi zilichukua jioni moja. Scopus ina fomu ya bure ya kusahihisha wasifu, isiyohitaji chuo kuwa na usajili. Unatafuta kwa kila umbo la jina, unatia alama wasifu zote zilizo zako, unachagua jina moja, unapitia orodha na kuomba ziunganishwe. Zilikuwa na makala 6, 3 na 2, jumla 11. Makala 5 zilizobaki kati ya 16 ziko kwenye majarida yasiyoorodheshwa na Scopus, na hapo hakuna la kusahihisha. Hilo liliandikwa wazi kwenye maelezo kwa kamati. Kuunganisha Scopus na ORCID kulingojea wasifu ziwe moja kwanza. Ukiunganisha mapema, unapeleka kipande tu.

Kwenye Google Scholar, 41 zilikuwa kazi zake 20, marudio 6, na makala 15 za upasuaji wa mifupa za R. Otieno mwingine. Wasifu uliachwa ujijaze wenyewe. Za mifupa zilifutwa, marudio yakaunganishwa kwa kutia alama mstari na nakala yake, na mpangilio ukabadilishwa ili kila pendekezo jipya lije kwanza kwa barua pepe. Idadi ya kunukuliwa ilishuka, naye hakufurahi. Ilikuwa sharti ishuke, kwa kuwa nusu ya umaarufu ule ulikuwa wa magoti ya watu.

Data iliyokuwa kwenye flashi

Kazi ya 23 ilikuwa seti ya data: vipimo vya unyevu na mafuta vya omena iliyokaushwa juani, kwenye nyavu na kwenye vichanja, ufuoni Dunga, Kisumu. Kwenye wasifu iliandikwa inapatikana kwa maombi. Kwa hakika ilikuwa kwenye flashi.

Ilipelekwa Zenodo, hazina ya data inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu 2013, ambako mtu anaweza kuingia kwa ORCID yake yenyewe. Faili ziligeuzwa CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, pakaongezwa faili moja ya maelezo: kila nguzo ina maana gani, kipimo gani, kifaa gani, kisanduku kitupu maana yake nini. Nguzo ya majina na simu za akina mama wachuuzi ikaondolewa kabisa, si kufichwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwalegezea watafiti, lakini haimlegezei anayeanika majina na simu za watu. Kila mwandishi akawekewa ORCID yake.

Zenodo hutoa DOI mbili, zote zikianza na 10.5281: moja ya toleo hili, nyingine ya matoleo yote, ambayo daima hufungua la karibuni. Kwenye makala iliyochambua namba hizi hizi hunukuliwa ya toleo. Kwenye wasifu inafaa ya matoleo yote. Faili zikishatangazwa kwa kawaida hazibadilishwi ila kwa toleo jipya, kwa hiyo majaribio hufanywa kwenye uwanja wa mazoezi, sandbox.zenodo.org, kwa kukumbuka kwamba DOI za huko ni za kuigiza na hazifunguki popote. DOI za Zenodo husajiliwa DataCite, msajili mwingine wa DOI, si Crossref, hivyo ruhusa ya DataCite hutolewa kivyake kwenye ORCID.

Tarakimu ya mwisho

Siku ya 11 fomu iliyorekebishwa ilirudishwa: nambari si sahihi. Karani alikuwa ameichapa upya kwa mkono na kupindua tarakimu mbili. Ni bahati kwamba ORCID hujikagua, na ukaguzi wenyewe unaweza kufanywa kwa kalamu.

Chukua nambari ya mfano ambayo ORCID wenyewe huitumia, ya profesa wa kubuni, 0000-0002-1825-0097. Tarakimu 15 za mwanzo ndizo nambari. Ya 16 ni mkaguzi. Anza na sifuri. Kwa kila tarakimu kutoka kushoto, ijumlishe na ulichonacho kisha zidisha kwa 2. Sifuri saba za mwanzo hazifanyi kitu. Ikija 2 unapata 4. 1, unapata 10. 8, unapata 36. 2, unapata 76. 5, unapata 162. Sifuri mbili zinakupa 324 na 648. 9, unapata 1314. Gawanya kwa 11, baki ni 5. Toa 5 kwenye 12, unapata 7, na 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Jawabu likizidi 10, yaani 11 au 12, toa tena 11. Sasa pindua 18 iwe 81: mwendo ule ule unafika 1762, baki 2, na jawabu ni 10, ambalo huandikwa X. Saba iliyopo haikubali, kosa limenaswa.

X hiyo nayo ni halali, na fomu za vyuo zinazokubali tarakimu pekee huwakataa wenye nayo bila haki. Nambari zinazofunguliwa siku hizi huanza na 0009, nazo si makosa. Mhasibu akiondoa vistari na kuibandika kwenye Excel, sifuri za mbele huanguka na nambari ya mfano hubaki 218250097. Kiungo kizima, chenye https://orcid.org/ mbele, hakipatwi na lolote kati ya haya, na ndicho kilichobandikwa kwenye fomu safari ya pili.

Maelezo yaliyokwenda kwa kamati yalikuwa ukurasa mmoja na jedwali lile la siku mbili za kwanza. ORCID ilionyesha kazi 23: 17 zenye DOI inayofunguka, data ikiwamo, na 6 zilizoandikwa kwa mkono. Mojawapo ya hizo sita ni makala ya jarida dogo ambayo DOI yake haikuwahi kusajiliwa. Mhariri alijibu kwamba mchapaji aliweka tarakimu hizo kwenye PDF wakisubiri usajili, kisha uongozi ukabadilika. Kwenye orodha imewekwa bila DOI, na kiungo cha ukurasa wa jarida, juzuu na toleo lake. DOI ile ile iliyochapwa itaongezwa siku itakayofunguka.